Mteja Aliyeitwa Maryamu

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Chausiku Sabiri alikuwa ofisini kwake mtaa wa Manundu, simu sikioni, akimfundisha mpishi wa Maldivi kusonga ugali.

"Siyo ule wa njano," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Mweupe. Maji yachemke kwanza. Ukiona umelegea, ongeza unga, usiogope. Na mwiko usiwe wa bati, uwe wa mti."

Mpishi alicheka, akaomba aelezwe tena tangu mwanzo. Chausiku akamweleza tena tangu mwanzo. Mteja wake, Mzee Obadia, mwuza mbao kutoka milimani juu ya Mombo, alikuwa amempeleka mkewe Elina kwenye visiwa vile kuadhimisha miaka arobaini ya ndoa yao. Walipangiwa chumba kilichojengwa juu ya maji, sakafu yake ya kioo, samaki wanapita chini ya kitanda. Siku ya tatu mzee akatuma ujumbe wa sauti: "Mama Upeo, pepo yenyewe ndiyo hii, sina neno. Ila tangu juzi sijala chakula kikakaa."

Jioni ikaja picha. Ugali ulikuwa katikati ya sahani pana, umechongwa pembe nne kama mche wa sabuni, na nyuma yake Mzee Obadia amekunja mikono ya shati, ananawa. Mama Elina alikuwa akicheka hadi macho yamefumba.

Chausiku aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kisha akafunga madirisha, akamuaga Yuditha, karani wake, akatembea hadi nyumbani, mtaa wa Kwamndolwa. Huko akapasha wali wa mchana, akala akiwa amesimama jikoni. Tangu alipobaki peke yake hakuwa tena na mazoea ya kuandaa meza.

Kampuni yake iliitwa Upeo Safari, na ilikuwa na vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mimea. Harufu ya dawa ilipanda ngazi bila kubisha hodi. Kutoka hapo Chausiku aliwapeleka watu mahali ambapo majirani zao hawajawahi kufika: Shelisheli, Morisi, Bali, kwenye jangwa la mchanga mwekundu la Namibia, na kwenye mabonde ya Uturuki ambako watu hupanda maputo makubwa alfajiri na kuelea juu ya mawe. Maharusi walikuwa ndio wengi, wakifuatiwa na wafanyabiashara waliochoka na wajane waliopewa zawadi na watoto wao. Walimpigia kutoka Mwanza, Dodoma, Mbeya na Dar es Salaam. Wakisikia honi za mabasi nyuma ya sauti yake waliuliza, "Dada, upo Ubungo?"

"Nipo Korogwe."

"Korogwe hii ya Tanga?"

"Hiyohiyo."

Wengine walicheka, lakini hakuna aliyekata simu, kwa sababu aliyewatuma kwake alikuwa ameshawaambia: ukitaka usihangaike, mtafute yule mama wa Korogwe. Alijua hoteli ipi ina chumba cha pembeni kisichosikia kelele za baa. Alijua kisiwa gani mvua huanza mapema. Alijua bibi harusi fulani anaogopa ndege ndogo, hivyo akamtafutia boti. Mambo ya namna hiyo aliyaweka kichwani, na alipoulizwa hakufungua daftari.

Alianza akiwa mkata tiketi kwenye kibanda cha stendi, miaka kumi na tano iliyopita. Siku moja walikuja vijana wawili waliofunga ndoa juzi yake, bado hina haijafifia mikononi mwa mke, wakauliza basi la Dar es Salaam. Chausiku, kwa mazungumzo tu, akamuuliza yule mke angependa kuona nini hasa. Akajibiwa, "Bahari ambayo siyo hii yetu." Neno hilo lilimkaa. Alishinda siku tatu kwenye duka la intaneti, akiuliza, akiandika barua, akikosea na kurudia, hadi akawapeleka Shelisheli wale vijana. Waliporudi, kila waliyemsimulia alitaka kujua ni nani aliyewapangia.

Mdogo wake, Maryamu, aliingia kazini mwaka uliofuata. Alikuwa ametoka kusomea uongozaji watalii, ana miaka ishirini na mbili, mchangamfu, mwenye kucheka na mtu asiyemjua kana kwamba walilelewa pamoja. Wakagawana kazi bila kukaa kikao. Chausiku alipanga, Maryamu alisafiri na makundi. Mama yao, aliyekuwa akilima mahindi na ufuta kule Kwaluguru, aliwatania akisema: "Mmoja anafunga mizigo, mwenzake anaibeba."

Ndipo likatokea kundi la watu kumi na wawili la kwenda Uturuki kuona maputo. Maryamu alirudi na picha, na jina la mtu. Kerem alikuwa mtoto wa watu wenye hoteli katika mji mmoja wa pwani huko. Mwaka haukuisha, Kerem akaja Kwaluguru na mjomba wake, akakaa mkekani, akala kwa mkono, akajibu maswali ya wazee kwa heshima. Ndoa ikafungwa. Chausiku mwenyewe ndiye aliyewakatia tiketi za kwenda, na ndiye aliyewachagulia viti vilivyo karibu karibu. Maryamu alirudi mara moja, mwaka uliofuata, akiwa na mimba changa. Baada ya hapo mtoto, hoteli, halafu ule ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege dunia nzima. Miaka ikapita kama maji ya mfereji.

Kwa upande wake Chausiku alikuwa ameshaachana na mumewe, mwalimu Adamu, bila ugomvi mkubwa. Hawakujaliwa mtoto. Adamu alimwambia siku ya mwisho, "Mke wangu ukiitwa na Mwanza unaitika. Mimi nakuita kutoka chumbani husikii." Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Watu waliomwona akipita na mkoba wake wa ngozi walidhani hakuna mwanamke mwenye marafiki wengi kama yule. Simu yake haikunyamaza. Lakini furaha ina tabia yake: mtu akiwa ndani yake hamkumbuki aliyemkatia tiketi. Humkumbuka maji yakikatika bafuni. Wateja wake walimjua kwa jina, wakamtumia picha za machweo na za miguu yao mchangani, wakirudi wakaendelea na maisha yao. Na yeye? Aliwahi kwenda Morisi peke yake, siku nne, kukagua hoteli mpya. Chakula cha jioni cha kwanza alikuta meza imeandaliwa kwa watu wawili, mshumaa katikati. Mhudumu akauliza kwa adabu kama mwenzake anakuja. Chausiku akasema hapana. Mhudumu akaondoa sahani ya pili, glasi ya pili, kisu na uma, kimoja kimoja, bila haraka, na watu wa meza za jirani wakageuza nyuso zao pembeni ili wasimwaibishe. Kuanzia hapo, hoteli mpya alizikagua kwa simu.

Mwezi wa nne mwaka huu, Maryamu alipiga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Dada, nataka unipangie safari."

Chausiku alivuta kalamu kwa mazoea. "Mnataka kwenda wapi?"

"Huko." Maryamu akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa chake cha zamani. "Tanzania. Kerem anataka Yusra aone wanyama, na bahari ya Unguja. Na mimi nataka kufika kwenye kaburi la mama. Tuna siku tisa. Lakini tunataka kulipa kama wateja wengine, dada. Kerem hapendi kukubebesha mzigo."

"Nitawapangia," Chausiku alisema.

Alipoweka simu mezani Yuditha alimuuliza kama kuna tatizo. "Mteja mpya," alijibu. Halafu akaona aibu, akasahihisha: "Mdogo wangu anakuja."

Kuipanga safari ile kulimchukua wiki tatu, wakati kwa kawaida safari ya namna hiyo aliimaliza kwa siku mbili. Siku za Serengeti zilipangika zenyewe. Siku za Unguja nazo zikapangika. Siku ya sita ndiyo iliyomgomea. Aliandika "Korogwe na Kwaluguru", akafuta, akaandika tena. Kwa watu wa mbali alijua kuisifu nchi yoyote kwa mistari mitatu. Kuhusu shamba alilozaliwa hakujua aandike nini.

Na chini ya ugumu huo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote.

Miaka mitatu kabla, mama yao alipooza upande mmoja. Chausiku alimchukua kutoka Kwaluguru akamlaza nyumbani kwake Kwamndolwa, na kwa siku tano alifunga ofisi, akamwogesha, akamlisha, akamgeuza. Maryamu alipiga kila siku. "Dada, nije? Niambie kweli." Na kila siku Chausiku alimjibu, "Anaendelea vizuri. Leo amekunywa uji. Usihangaike na mtoto mdogo." Haikuwa kweli. Daktari alikuwa ameshamvuta pembeni na kumwambia aite ndugu.

Siku ya pili, Jumanne, Chausiku alifungua kompyuta akatafuta. Kiti kilikuwepo. Maryamu angepanda jioni ileile na kesho yake mchana angekuwa Korogwe. Aliutazama mstari ule kwenye kioo, akaisoma saa ya kuondoka na saa ya kufika, akafunga kompyuta.

Si kwamba alimtakia mdogo wake mabaya. Ni kwamba mama alikuwa amemshika mkono, akimwita "Chausiku wangu", na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amemhitaji kwa jambo lingine zaidi ya tiketi. Alijua kwamba Maryamu akishaingia tu mlangoni, macho ya mama yatahamia kule. Yalikuwa hivyo tangu wakiwa watoto. Akajiambia: siku mbili zaidi, ziwe zangu. Halafu nitamwita.

Zile mbili zilipoisha, akajiongezea nyingine; mama alifariki Jumamosi adhuhuri. Alizikwa Kwaluguru kabla ya magharibi. Maryamu alisikiliza mazishi kwa simu iliyoshikwa na jirani, huku akilia kwenye ghala la mashuka la hoteli yao.

Kwa hiyo ule mwezi wa nne, Chausiku alipofanya maandalizi, aliyafanya kama mtu anayelipa deni asilotajiwa. Alipaka rangi vyumba viwili vya nyumba yake. Alinunua vitanda vya mninga, magodoro mapya, vyandarua vyeupe, na kwa ajili ya mtoto shuka lenye picha za twiga. Akaweka sinki jipya bafuni. Fundi alipomuuliza wageni ni wa wapi, alisema, "Siyo wageni. Ni wenyewe."

Mwezi wa tano akatuma mpango mzima. Jibu likaja kesho yake.

"Dada, ni mzuri sana, Mungu akubariki. Ila siku ya tano na ya sita, kuna hoteli yenye bwawa la kuogelea? Yusra asipoogelea anakuwa msumbufu, na Kerem ana wasiwasi na malaria. Tungelala Lushoto kwenye baridi, tukashuka asubuhi, tukafika kaburini, halafu jioni tukalala Tanga tayari kwa ndege ya Unguja. Nisamehe. Wewe unajua mambo haya."

Kweli alijua. Mteja akisema "wewe unajua mambo haya" maana yake ameshaamua. Chausiku akaandika: "Sawa. Nitapanga." Akawapatia hoteli Lushoto, nyingine nzuri zaidi Tanga, na gari la dereva mtulivu aitwaye Semboja. Jioni alikunja lile shuka la twiga akaliweka juu ya kabati.

Walifika mwezi wa saba, asubuhi ya Alhamisi. Gari lilisimama mbele ya nyumba ya Kwamndolwa saa tatu na dakika kumi, dakika kumi tu nje ya mpango. Maryamu alishuka wa kwanza. Alikuwa amenenepa kidogo, amejifunga mtandio wa rangi ya maziwa kwa namna ya huko. Wakakumbatiana. Chausiku akahisi manukato asiyoyajua, na chini yake, karibu na shingo, harufu ileile ya mtoto aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja.

"Mwamkie mama mkubwa," Maryamu alimwambia binti yake.

Yusra alikuwa na miaka minane, amebeba jina la bibi yake na macho yake pia. "Sikamoo mama mukuba," alisema, kisha akaangalia mama yake kuona kama amepatia.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Kerem alishika mkono wa shemeji yake kwa mikono miwili, akasema Kiswahili chake chote: habari, asante, karibu. Walikunywa chai. Chausiku alikuwa amepika mihogo ya nazi, maandazi, kuku, na mchunga, mboga ya majani yenye uchungu ambayo Maryamu aliipenda sana utotoni. Maryamu akaonja, akafumba macho, akasema bado ni mtamu. Lakini alikula kijiko kimoja. Walikuwa wameshiba chai ya hotelini. Yusra aliuliza jambo kwa Kituruki. Mama yake akajibu kwa Kituruki. Wakacheka wote watatu. Chausiku naye akatabasamu, kama anavyotabasamu mtu picha ikipigwa.

Milango ya vile vyumba viwili ilikuwa wazi. Maryamu alipita kwenda kunawa, akaona vitanda, akaona vyandarua vilivyofungwa fundo juu. Alirudi akakaa, macho kwenye kikombe chake.

Saa nne na nusu wakaondoka wote kwenda Kwaluguru. Barabara ya Handeni ilikuwa nzuri, kisha wakaiacha, wakaingia ya vumbi. Maryamu alionyesha kila kitu kwa kidole: pale tulichota maji, pale mbuzi wa mtu alinikimbiza, shule ile ilikuwa ya udongo. Semboja alipunguza mwendo kila aliposikia sauti yake ikipanda, ili aone vizuri.

Shamba lilikuwa likitunzwa na jirani yao wa zamani, Mzee Sharifu, yuleyule aliyeshika simu siku ya mazishi. Aliwapokea kwa miwa na karanga mbichi. Alimwita Maryamu kwa jina la utoto na kumsemesha Kizigua. Maryamu akaelewa yote, lakini alipofungua kinywa kujibu, maneno yakamkimbia akajibu kwa Kiswahili. Mzee akajifanya hakugundua. Nyuma ya nyumba palikuwa na mbuzi aliyezaa juzi. Yusra akamwona mwanambuzi, akapiga kelele ya furaha, na tangu hapo hakutaka kitu kingine. Baba yake akabaki naye, akipiga picha.

Dada wawili wakaenda kaburini wenyewe.

Lilikuwa ng'ambo ya shamba la ufuta, kando ya kaburi la baba. Majani yalikuwa yamefyekwa. Maryamu alichuchumaa, akanyoosha viganja, akasoma Fatiha, akaomba dua ndefu. Alipomaliza hakunyanyuka. Akachota udongo kidogo, akaupitisha kati ya vidole.

"Dada," alisema, "kila siku najilaumu. Najiambia ningekuja tu bila kukuuliza. Ningepanda ndege Jumatatu ile uliponiambia ameanguka. Kerem ananiambia usijitese, dada yako alikuwa anakwambia anapona, ungejuaje. Lakini nahisi moyo wangu ungepaswa kujua."

Chausiku alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angesema, "Ni mipango ya Mungu," wangeondoka wameshikana mikono, na Maryamu angerudi Uturuki na lawama yake mwenyewe, akaibeba mpaka uzeeni. Aliliona hilo wazi.

"Usijilaumu," alisema. "Nilikudanganya."

Maryamu akageuza uso.

"Mama hakuwa anaendelea vizuri. Daktari aliniambia Jumatatu niite ndugu. Sikukuita."

"Kwa nini?"

"Nilitaka abaki wangu." Maneno yalimtoka yakiwa mafupi na makavu. Alikuwa ameyarudia mara nyingi kichwani, na huko yalikuwa marefu, na mazuri zaidi. "Ungekuja, asingenitazama tena. Nikasema nipewe siku mbili. Zilipoisha nikataka nyingine. Sikujua hazipo."

Upepo ulipita kwenye ufuta. Kwa mbali walimsikia Yusra akimwita mwanambuzi kwa jina alilompa.

"Ndege zilikuwepo?" Maryamu aliuliza.

"Zilikuwepo."

"Ulitafuta?"

"Nilitafuta. Jumanne. Kiti kilikuwepo, cha dirishani."

"Ukakiona."

"Nikakiona. Nikafunga kompyuta."

Maryamu alisimama. Alijifuta udongo mikononi taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mtu wa Mwanza akitaka kwenda kuogelea," alisema, "unamfikisha kesho yake." Akatembea kurudi, akipita katikati ya ufuta, wala hakufuata njia.

Chakula cha mchana kwa Mzee Sharifu kililiwa na wengine. Maryamu alisema jua limempiga kichwa. Saa nane na nusu, kama mpango ulivyosema, Semboja aliwasha gari. Yusra alilia kumwacha mwanambuzi. Kerem akashukuru tena kwa mikono miwili, hajui kitu. Maryamu, kwa sababu mumewe alikuwa akitazama, alimpa dada yake shavu.

"Asante kwa safari," alisema. "Imepangwa vizuri."

Gari likaondoka kwenda Tanga kwa njia ya Mkata. Chausiku alisimama hadi vumbi lilipotulia, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba katika mpango ule wote, wenye saa na namba za simu za madereva, hakuwa ameandika popote yeye mwenyewe atarudije Korogwe. Mzee Sharifu alimwona amebaki na mkoba wake katikati ya uwanja. Akaagiza pikipiki, na ilipokuja akakifuta kiti chake kwa kanga ya mkewe.

Mvua za vuli zikaja mapema mwaka huu, na wateja walikuwa wengi. Chausiku alipeleka maharusi Bali, akapeleka kundi la wauguzi wastaafu kwenye maporomoko ya Viktoria. Mpango wa Maryamu uliisha salama; alijua kwa sababu hoteli ya Unguja ilimwarifu kwamba wageni wameondoka. Kutoka kwa Maryamu mwenyewe hakukuja neno. Aliandika ujumbe mara nyingi na kuufuta. Mara moja aliandika "Mmefika salama?" akautuma. Ulisomwa. Haukujibiwa.

Yuditha alimwona anavyokonda. Siku moja alimletea uji wa moto kwenye chupa, akauweka mezani, akasema, "Dada, kunywa nikiwa naona." Chausiku akanywa. Alitaka kumwambia, lakini aliona binti wa watu hana sababu ya kubebeshwa.

Wiki ya tisa, siku ya Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, simu ikaita. Aliona jina, akaiacha iite mara tatu kabla ya kuipokea.

"Shikamoo," Maryamu alisema.

"Marahaba."

Nyuma ya Maryamu kulikuwa na sauti ya vyombo vinavyooshwa.

"Sijapiga kukusamehe," alisema. "Sijui kama nitaweza. Napiga kwa sababu kuna kitu unacho na mimi sina. Zile siku tano. Ulikuwepo, mimi sikuwepo. Nataka unipe."

"Nikupe vipi?"

"Nitakuuliza. Usinidanganye hata kidogo. Mama alivaa nini?"

Chausiku akafumba macho. "Jumatatu alikuwa na gauni la kijani, lile la Idi. Nililichana pembeni kumvua, mkono ulikuwa haukunjiki. Baada ya hapo nilimvika kanga zangu."

"Kanga gani?"

Akamwambia kanga gani. Akamwambia rangi, na maneno yaliyoandikwa pindoni. Maryamu akasema, "Haya," akakata.

Ijumaa iliyofuata akapiga tena. Aliuliza mama alikula nini, na Chausiku akamweleza: uji wa ulezi, vijiko vinne, cha tano alikataa kwa kubana midomo. Ijumaa nyingine aliuliza kama alisikia maumivu. Nyingine, kama dirisha lilikuwa wazi. Hawakusalimiana kwa urefu, hawakuulizana habari za kazi. Swali lilikuwa moja kila mara, na Chausiku alilijibu hadi mwisho, hata pale jibu lilipomuumiza yeye, hata pale lilipomuumiza Maryamu. Akili ileile iliyohifadhi vyumba vya pembeni na misimu ya mvua ya visiwa vya mbali ilikuwa imehifadhi yote, hakuna saa iliyopotea.

Yuditha alijifunza kutoka nje siku hizo, akashuka chini kuongea na watu wa duka la mbegu.

Ijumaa iliyopita Maryamu alipiga tena. Sauti ya vyombo haikuwepo; huenda alikuwa amekwenda kwenye lile ghala la mashuka.

"Aliniulizia?"

Chausiku alijua swali hilo litakuja, na alijua pia jibu jepesi. Alisogeza kiti dirishani.

"Kila siku," alisema. "Asubuhi akiamka, kabla hajaniambia kitu. Alisema jina lako tu. Alhamisi mara tatu. Nilimwambia unakuja."

"Aliamini?"

"Aliamini. Aliniambia nikuandalie chumba."

Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi na kuishikilia. Chini, mtu alikuwa akipimiwa mbegu za mahindi, anabishana kwa utani. Chausiku alibana simu sikioni akangoja, kwa sababu Maryamu hakuwa amekata, na kwa dakika kadhaa wote wawili walikaa hivyo, huyu Korogwe na yule ng'ambo ya bahari.

"Haya," Maryamu alisema mwishowe. "Ijumaa."